Vikuku vya Bi Zuhura na Mitungi ya Nyacheki

Walisema sitaweza. Naanzia hapo kwa sababu nyinyi vijana mnaobaki na karakana hii mlinikuta nimeshaweza, na mtu akimkuta mwenzake juu ya kilima hudhani alizaliwa huko huko.

Walisema mwenye diploma hawezi kutengeneza kitu ambacho wenye digrii hawajakileta Kisii. Walisema wanaokwenda Ghuba hurudi na lori, au angalau na nyumba ya ghorofa, na mimi nilirudi na sanduku la chupa za kioo nilizozifunga kwa soksi ili zisivunjike. Binamu yangu Momanyi, ambaye hadi leo anachoma matofali hapa Suneka, alisimama mbele ya watu waliokuja kunikaribisha nyumbani, sahani ya nyama mkononi, akatoa hotuba ambayo hakuna aliyemwomba.

"Huyu ndugu yangu alienda Arabuni kukoroga rangi," alisema. "Sasa amerudi kukoroga maji yetu. Ogeto, wewe hata chai hujawahi kujua kuchemsha."

Watu walicheka sana. Nami nilicheka, kwa kuwa nyama niliinunua mimi na haifai mwenye karamu kununa. Lakini maneno yale niliyaweka mahali, na mtaona nilivyoyatoa.

Diploma yangu ni ya uhandisi wa kemikali. Enzi hizo mtu mwenye diploma kama hiyo huku kwetu aliulizwa kama anajua kutengeneza sabuni ya maji. Najua, na ni nzuri, lakini sikusomea sabuni. Nikaenda Ghuba, kwenye kiwanda kilichotengeneza vichujio vya maji ya bahari. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Walionilipa wanajua, na walionikopa wanajua zaidi.

Siku ya kwanza sikupewa kazi yoyote. Msimamizi wangu alikuwa Mhandisi Pillai, mtu mfupi kutoka kusini mwa India aliyevaa kalamu nne mfukoni na kuandika kwa moja tu. Aliweka chupa mbili mezani. Moja ilikuwa na maji ya manjano kama chai isiyokolea. Nyingine ilikuwa na maji ya kijivu, na chini yake mashapo kama majivu. Akaniuliza ni nini kilichomo. Nikajibu ya kwanza ni chai na ya pili ni maji ya kufulia. Akasema zote mbili ni madini ya fedha, yale yale wanawake wanayovaa mikononi. Tofauti ni ukubwa wa chembe tu.

Nitawaeleza kama nilivyojieleza mwenyewe jioni ile. Chukua tonge kubwa la ugali ulichovye kwenye mchuzi. Linalolowa ni ngozi ya nje peke yake. Sasa ugali ule ule ukate vipande vidogo vidogo. Uzito haujaongezeka, lakini mchuzi wote utakwisha, kwa kuwa kila kipande kina ngozi yake. Fedha nayo ni hivyo. Kikuku kizima ukikitumbukiza kwenye maji machafu, vijidudu vitaogelea kando yake bila wasiwasi. Fedha ile ile ikiwa chembe ndogo mno, ndogo kuliko kijidudu chenyewe mara nyingi sana, haivipi pa kukimbilia. Hiyo ndiyo nanoteknolojia. Mtu akiwaambia ni uchawi wa Wazungu, mpeni ugali.

Pillai alinifundisha na jambo la pili, ambalo nimelirudia hapa karakanani hadi mmelichoka. Alisema kutengeneza chembe ndogo mara moja ndani ya chupa ni kazi ya mwanasayansi, na watampigia makofi. Kuitengeneza leo kama ulivyoitengeneza jana, kwa pipa, mvua ikinyesha na mfanyakazi mmoja akiwa na mafua, hiyo ni kazi ya mhandisi, na hakuna atakayepiga makofi. Ukiziunganisha kazi hizo mbili, ndipo unapata kitu kipya ambacho mtu anaweza kukipeleka nyumbani kwake.

Nilijifunza kwa macho, kwa pua na kwa kuunguza glavu. Nilipoona kiwanda hakina tena cha kunifundisha, nilifunga chupa zangu kwa soksi nikarudi.

Kwa nini maji? Kwa sababu mama yangu alitoka Nyacheki. Mnaijua milima yetu ilivyo: chai juu, nyumba katikati, ndizi, kisha choo cha shimo, na chini kabisa chemchemi ambayo kila mtu anasema ni safi kwa sababu inang'aa. Kila mvua kubwa ikinyesha, watoto wa Nyacheki waliharisha. Maji ya kuchemsha yalikuwa ya mtoto mchanga na mgeni. Wengine wote walimwachia Mungu. Omong'ina Kemunto, mama mzee aliyekuwa rafiki wa mama yangu na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama huko, alinieleza haya bila kulia wala kulalamika. Alimaliza kwa kusema, "Tata, kama kweli ulisoma, hapa pana kazi." Huku kwetu mama humwita mtoto wa kiume "tata", yaani baba, anapompenda au anapotaka kumtuma. Siku ile yalikuwa yote mawili.

Nilijua nitakachotengeneza: mtungi wa udongo wa kuchuja. Unachanganya udongo na vumbi la mbao lililochekechwa. Ukichoma, vumbi linaungua na kuacha vijitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona, na maji hupenya humo polepole. Uchafu unabaki. Vijidudu vinavyofanikiwa kujipenyeza vinakutana na fedha. Mtungi unakaa ndani ya ndoo ya plastiki yenye koki, na asubuhi familia ina maji. Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye karatasi hata mimi ni mwembamba.

Akiba yangu ya Ghuba ilikwisha kwenye mashine ya kukandia udongo na vifaa vya kupimia. Benki waliniuliza hati ya shamba. Shamba la marehemu baba tumeligawana ndugu hadi mtu akilala chali miguu inaingia kwa jirani. Kwa hiyo nilikopa vitu, kila kitu kwa mwenyewe.

Momanyi aliniazima tanuri lake la zamani, kwa sababu alikuwa amejenga jipya na alitaka nianguke karibu, yeye akitazama. Alisema hivyo hivyo, na namsifu kwa ukweli wake. Otieno, fundi wa kuchomelea aliyetoka upande wa ziwa na kufungua kibanda chake Mosocho, aliniazima jeki kubwa ya lori, tukaiunganisha na vyuma vikawa mashine ya kukandamiza mitungi. Wateja wake waliokuja na lori la tairi bovu walisubiri hadi jeki irudi, na Otieno aliwaambia imelazwa hospitalini. Omong'ina Kemunto alinikopesha majani ya chai, mabichi, yaliyochumwa asubuhi ile ile. Majani ambayo yangeenda kwenye kituo cha kununulia chai yalikuja kwangu.

Ikabaki fedha.

Mjini Kisii, nyuma ya soko, kuna duka la vitambaa la Bi Zuhura. Ukoo wake ulifika hapa na biashara zamani, ukaoana na watu wa hapa, na yeye mwenyewe huongea Ekegusii kunishinda akikasirika. Nilienda kumnunulia mke wangu leso. Ndani ya kabati la kioo niliona vikuku sita vya fedha, vizito, vya kizamani. Nikauliza bei. Akasema haviuzwi, vilikuwa vya mama yake. Badala ya kuondoka nilikaa kwenye kigoda nikamweleza kila kitu: chembe, ugali, Nyacheki, watoto. Alinisikiliza huku akikunja vitambaa.

"Utaviyeyusha?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Visionekane tena?"

"Visionekane tena. Lakini fedha nitakurudishia, uzito ule ule."

Alikunja vitambaa viwili vingine kabla ya kunijibu. "Mjukuu wangu Salma ataolewa baada ya Ramadhani ijayo. Vikuku hivi alishaahidiwa. Siku hiyo, mwanangu, mkono wake usije ukawa mtupu mbele ya wakwe." Akafungua kabati, akavipima kwenye mzani wa dukani nikiona, akavifunga kwenye kipande cha kanzu. Hakuniandikisha popote. Hilo lilinitisha kuliko benki.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hili mnalifanya kila mwezi na baadhi yenu mmeanza uzembe. Fedha ya mapambo haiko peke yake. Sonara huichanganya na shaba ili iwe ngumu. Niliviweka vikuku kwenye asidi ya nitriki, nje, nyuma ya kibanda, upepo ukiwa mgongoni mwangu. Moshi wa kahawia ulitoka na maji yakageuka bluu. Momanyi alitokea wakati huo huo, kama kawaida yake, na majirani wawili.

"Fedha ya mama wa watu imekuwa bluu," aliwaambia, kama mtu anayesoma tangazo la kifo.

Nikamwambia bluu ni ya shaba. Nikatumbukiza kipande cha waya wa shaba, na mbele ya macho yao fedha ikaanza kujikusanya juu ya ule waya, laini na ya kijivu kama majivu ya ndizi. Nikaikusanya, nikaiosha, nikaiyeyusha upya kwenye asidi ikiwa safi. Momanyi aliinama akaichungulia. Kisha akasema, "Sasa imekuwa majivu." Wakaondoka wakiwa na habari ya kutosha soko zima.

Kisha chai. Majani ya chai yana nguvu ya kuirudisha fedha iliyoyeyuka iwe chembe tena, na kuzizuia chembe hizo zisigandamane. Hamhitaji dawa za bei kutoka nje. Milima yetu imefunikwa na dawa hiyo. Mara ya kwanza niliyachemsha majani kama mtu anayetarajia wageni, nikapata mashapo ya kijivu ya ile chupa ya pili ya Pillai. Mara ya pili niliyaloweka kwenye maji ya moto ambayo kidole kinavumilia, nikadondosha fedha tone baada ya tone huku nikikoroga. Maji yakawa manjano, yakakolea, yakasimama kwenye rangi ya kahawia iliyong'aa. Niliiacha chupa juani siku nzima, na hakuna kilichotua chini. Nilikuwa nimetengeneza, Suneka, kwa chai ya Nyacheki, kitu ambacho kule Ghuba tulikitengeneza kwa mitambo inayojaza ukumbi. Wakati ule sikumwona mtu wa kulingana nami kutoka hapa hadi Nyamira, na sijamwona mpaka leo.

Nilichoma mitungi, nikaipaka ndani na nje maji yale ya fedha, nikaipeleka Nyacheki, mmoja kwa kila mama wa kikundi. Nilipima kwa vile vichupa vyenu vya kipimo, vile ambavyo maji yenye uchafu wa choo yakiachwa humo hugeuka kuwa meusi. Maji ya chemchemi yaligeuka meusi kama masizi. Maji ya mtungi yalibaki meupe, nyumba baada ya nyumba. Mvua zikaja, na watoto wakaenda shule. Omong'ina Kemunto aliomba kwa jina langu kanisani, kwa sauti, mbele ya baadhi ya watu waliocheka na Momanyi.

Kisha kichupa kimoja kikageuka cheusi. Baada ya majuma machache kingine. Kisha kingine tena.

Mtoto wa nyumba mojawapo aliharisha hadi akalazwa. Alipona, lakini mama yake alitoa mtungi nje akapandia maua. Habari ilifika Suneka kabla yangu. Momanyi alikuja, na safari hii hakufanya mzaha. Alisema watu wanauliza kama tanuri ni lake, na hataki jina lake lichomwe humo. Nikishindwa hadi mwisho wa mwezi atalichukua. Otieno naye alipita dukani kwa Bi Zuhura kununua kitambaa, akarudi na swali moja tu: mama anauliza, vikuku havijambo?

Harusi ya Salma ilikuwa inakaribia, na mapambo ya mkono wake yalikuwa yamepakwa kwenye mitungi ambayo watu walianza kupandia maua.

Nilipima kila kitu ninachoweza kupima. Udongo ulikuwa ule ule, vumbi la mbao lile lile, tanuri lile lile. Mitungi niliyobaki nayo karakanani ilichuja vizuri kabisa. Kitu kilikuwa kikiharibika Nyacheki, si Suneka. Basi nikaenda kukaa Nyacheki kutwa, jikoni kwa Omong'ina Kemunto, kwenye kiti cha chini, kama mtu aliyekuja kuomba mke.

Ilikuwa Ijumaa. Kikundi chao hutembeleana nyumba kwa nyumba kwa zamu, na kesho yake zamu ilikuwa yake. Mnajua nyumba ya Mgusii inavyokuwa siku ya kusubiri wageni. Sufuria zote zilikuwa nje kwenye majani, na yeye amekaa katikati yake na jivu na mchanga, akisugua hadi kila sufuria imrudishie uso wake. Akamaliza sufuria. Akanyoosha mkono nyuma, akautoa mtungi wangu ndani ya ndoo yake, akachota mchanga kwa kiganja na kuanza.

Nilisimama. "Omong'ina, unafanya nini?"

"Nasugua," alisema, bila kuinua kichwa. "Umeshika rangi ya chai ndani. Wageni waje waone mtungi wenye madoa? Watasema Kemunto amezeeka."

Rangi ile ya chai ndiyo ilikuwa fedha. Vikuku vya Bi Zuhura vilikuwa vinatiririka kwenye majani pamoja na jivu.

Nikamuuliza polepole kikundi kimeshatembelea nyumba zipi. Akazitaja kwa mpangilio. Zilikuwa zile zile zilizogeuza vichupa vyeusi, na kwa mpangilio ule ule. Nyumba ambazo zamu yake haijafika, mitungi yake ilikuwa mizima. Hakuna kitabu kilichoandikwa popote duniani ambacho kingenipa jibu hilo, na hakuna mhandisi wa mbali ambaye angelipata. Nililipata kwa sababu nililelewa na mama ambaye naye alisugua hivyo hivyo.

Nililala Nyacheki, na kesho yake wageni walipofika niliwaomba wasisugue mitungi. Walinisikiliza kwa heshima na wakaniitikia wote kwa pamoja, na nikajua palepale hakuna hata mmoja atakayetii. Mmoja aliniuliza kwa upole kama mke wangu huwakaribisha wageni kwa vyombo vyenye madoa. Nilikunywa uji wangu nikaaga.

Njiani kurudi nilikumbuka kiwanda, wafanyakazi walipokuwa wakisahau kufunga vali moja, na meneja akitaka waadhibiwe. Pillai alikataa. Alihamisha bomba ili vali isihitajike. Mhandisi habadilishi desturi za watu, alisema; anabadilisha mtambo. Basi kama mama wa Nyacheki lazima asugue ngozi ya mtungi, fedha haina haki ya kukaa kwenye ngozi. Iingie kwenye mfupa.

Niliikanda fedha ndani ya udongo wenyewe, pamoja na maji ya chai, kabla ya kufinyanga. Chai ilinipa zawadi ambayo sikuiomba: udongo uliokandwa nayo huwa laini na kuteleza kama unga uliosagwa mara mbili, na fedha husambaa humo sawasawa. Moto unapounguza vumbi la mbao, vijitundu vinafunguka, na chembe zinabaki zimeshikwa kwenye kuta zake. Usugue leo, usugue kesho: chini ya ngozi uliyoitoa kuna ngozi nyingine yenye fedha.

Hivyo ndivyo nilivyowaza, na niliwaza sawa, isipokuwa tanuri. Tanuri la matofali halijui adabu. Mtungi wa kwanza nilipouvunja niliona ndani yake vishanga vidogo vinavyong'aa. Moto ulikuwa umezidi, na chembe zimeyeyuka na kukusanyika kama watu wa msibani. Vishanga vinapendeza macho, lakini kwa kuua vijidudu havina kazi. Sikuwa na kipimajoto cha joto kali kama lile, wala fedha ya kuchezea. Katika fedha iliyobaki nikavuta uzi mwembamba, nikausimamisha juu ya kigae kwenye tundu la kuchungulia. Ncha ya uzi ikianza kulegea, moto umefika mpaka. Vuta kuni za mkaratusi, ziba mlango. Fedha yenyewe ikawa inaliambia tanuri pa kukomea. Sasa nyinyi mna kipima cha umeme chenye namba nyekundu, lakini uzi ule bado uko kwenye kopo juu ya rafu, na umeme wa Suneka mnaujua.

Moto wa mara ya tatu ulitoka rangi ya papai bivu, sawasawa toka chini hadi juu. Nilivunja mtungi mmoja. Hapakuwa na kishanga.

Nikapeleka mitungi mipya Nyacheki siku ya zamu ya nyumba nyingine, na Momanyi nikamchukua kwa makusudi. Niliwaambia akina mama: sugueni. Jivu, mchanga, chochote mnachotumia kwa mkwe. Walidhani nimekasirika. Omong'ina Kemunto ndiye aliyeanza, na wengine wakafuata, wakasugua kama watu wenye kinyongo, hadi Momanyi akaanza kuihurumia mitungi. Tukachuja maji ya chemchemi, tukajaza vichupa, vikaachwa kwa Omong'ina Kemunto. Tuliporudi kuvitazama, kile cha chemchemi kilikuwa cheusi tii. Vingine vyote vilikuwa vyeupe.

Momanyi alikiinua kimoja kwenye mwanga, akakigeuza, akakinusa, ingawa hakuna haja ya kukinusa.

"Hii kitu umeitengeneza kwa tanuri yangu," alisema.

"Kwa tanuri yako."

"Basi tuseme tumeitengeneza."

Nilimwachia. Mtu aliyeshinda hawezi kugombania neno moja.

Hayo mengine mnayajua. Shule zilikuja, zahanati zikaja, wakaja watu wa Nyamira, wakaja wenye digrii na kamera kuniuliza nilisomea wapi, na nikijibu walisubiri niendelee, kama kwamba kuna chuo kingine nimekisahau. Mitungi ilivyotoka, fedha mpya iliingia. Fungu la kwanza nililoweza kulitenga sikulitia kwenye udongo. Nilimpelekea sonara wa Kisumu.

Siku ya harusi ya Salma niliamka nikavaa suti ya Ghuba. Nilianzia kwa Momanyi, nikamkabidhi tanuri lake, nimelijengea mlango mpya wa chuma na bomba la moshi ambalo lake jipya halina. Alilizunguka akitafuta kasoro hadi akaanza kuchelewa kazini kwake. Mosocho nilimpa Otieno jeki mpya kabisa. Akaipiga teke kidogo akasema mgonjwa amerudi akiwa kijana. Kwa Omong'ina Kemunto nilipeleka miche ya chai, mingi kuliko majani niliyokopa kwake, na akaniambia, "Tata, sasa unadaiwa kuja kuchuma."

Mjini nilifika wakati ngoma ya wanawake inasikika uani. Bi Zuhura alitoka mlangoni, mikono yake ina hina. Nilifungua kipande kile kile cha kanzu. Vikuku sita. Alivichukua kimoja kimoja, akavipima kwa kiganja, kwa kuwa mzani ulikuwa dukani na duka limefungwa.

"Uzito ndio," alisema. "Lakini hivi si vile."

"Si vile, mama. Nilikuambia."

"Vile viko wapi?"

Nikamwambia viko Nyacheki. Viko ndani ya udongo, kwenye ndoo, jikoni mwa watu, na asubuhi hii watoto wamekunywa maji kupitia kwavyo kabla ya kwenda shule.

Alivitazama vikuku vile mkononi mwake. Kisha akaniambia mama yake, alipokuwa hai, aliweka mtungi wa maji mlangoni pa duka kila siku, na kikombe juu yake, kwa ajili ya kila apitaye, Mgusii, Mjaluo, yeyote. Watu wa soko walimjua kwa mtungi ule kuliko kwa vitambaa. Alipofariki, hakuna aliyeendelea kuuweka.

Aliita ndani. Salma akatokea na utaji wake, akanyoosha mkono, na bibi yake akamvisha: kimoja, cha pili, hadi cha tano. Cha sita alikishika akakigeuza geuza. Kisha akakirudisha kwenye kiganja changu na kuvikunja vidole vyangu juu yake.

"Hiki sikukopeshi," alisema. "Hiki kiyeyushe. Ni sadaka ya mama yangu."

Nilirudi Suneka nikiwa sidaiwi na mtu yeyote duniani, nikawasha moto kwenye tanuri langu mwenyewe.